Meza mbili, banda moja: shajara ya kuonja mvinyo na ukwaju kwa ajili ya wanyama wa Malindi

Jumamosi, 3 Mei

Naanza kuandika hii kitu leo, mapema kabisa, ili wale mtakaotoa pesa zenu mjue zilipita wapi na mimi mwenyewe nisije nikasahau tulianzaje.

Nimetoka bandani Barani jioni hii. Banda ni ua wa Mama mmoja mstaafu anayeokota wanyama waliotupwa, alianza na mbwa watatu, saa hii nimehesabu mbwa 31, paka 22 na punda wawili wa mkokoteni ambao wenyewe waliwaacha baada ya kuchoka, mmoja ana kidonda mgongoni ukubwa wa sahani. Mama hana ofisi wala gari. Ana sufuria moja kubwa, kila siku saa kumi anapika unga na dagaa na vichwa vya samaki anavyopewa kule wanakoshukia wavuvi, na deni la unga dukani lilikuwa limefika mahali mwenye duka hamjibu tena salamu vizuri.

Na mwezi wa tano ndio mbaya, sisi wa Malindi tunajua. Kaskazi imekwisha, kusi imeingia, hoteli zinafunga, wenye nyumba za Casuarina wamerudi zao Italia, na wale mbwa waliokuwa wanakula mabaki ya jikoni miezi yote ya msimu wanabaki barabarani wanatazama geti lililofungwa. Wengine wanaingia mtaani Maweni na Kisumu Ndogo wanapigwa mawe. Wachache wanafika kwa Mama.

Mimi nilifanya kazi baa ya hoteli miaka saba. Nimemimina mvinyo wa Italia, Chianti na Prosecco, mpaka naweza kufungua chupa gizani, lakini katika miaka saba hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuniagiza mvinyo wa huku kwetu, na mvinyo wa huku upo! Dodoma wanalima zabibu tangu enzi za wamisionari wa Bihawana, Naivasha kuna Leleshwa, marehemu Richard Leakey, yule mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, alikuwa na shamba lake la zabibu huko juu Ngong ukingoni mwa Bonde la Ufa, Ethiopia wana mashamba makubwa kule Ziway. Kwa hivyo nikamwambia Mama, tukusanye watu kwenye simu, kila mtu akae kwake na chupa yake, tuonje pamoja mvinyo wa kanda yetu, na kila anayeingia atoe kitu cha banda. Mama akanitazama akasema, mwanangu, mimi sijui mambo ya mvinyo lakini kama mbwa watakula, fanya.

Jumatano, 14 Mei

Mambo ya wiki mbili kwa ufupi. Watu 14 wamekubali: watano wako Nairobi, wanne hapa Malindi na Watamu, wawili Mombasa, dada mmoja wa Malindi aliyeolewa Italia, na binamu yangu anayefanya kazi Dodoma pamoja na mwenzake. Kiingilio sh 1,000, yote ya banda. Chupa kila mtu anajinunulia mwenyewe kwenye duka lenye leseni, mimi siuzi pombe wala sisambazi, hilo nimelisema mara tatu kwenye grupu manake kuna mtu aliuliza kama nitamtumia chupa na bodaboda. Na chini ya miaka 18 haingii, sheria ya 2010 iko wazi na hata isingekuwepo mimi mwenyewe nisingetaka.

Chupa tulizochagua ni mbili, moja nyekundu ya Dodoma ya zabibu inayoitwa Makutupora na nyeupe ya zabibu ya Chenin Blanc ya huko huko. Asiyepata ya Dodoma achukue Leleshwa.

Ijumaa, 30 Mei

Chupa za sisi wanne wa huku zilitoka Mombasa juzi kwa parseli. Zilikaa kwenye buti ya gari tangu asubuhi mpaka saa tisa mchana, na jua lilikuwa kali siku hiyo, nikipokea katoni nikahisi chupa zina joto kama chai. Mbili kizibo kimesukumwa juu, mvinyo umetoka kidogo ukakauka shingoni mwa chupa. Nilipofungua moja nikanusa nikajua, harufu ya matunda imeondoka, imebaki kama jamu iliyoungua. Mvinyo ukipikwa na joto haurudi tena, hata ukiuweka friji mwezi mzima.

Nimeumia kwa sababu wale wenzangu watatu walinunua kwa pesa zao za kutafuta. Nimewarudishia nusu mfukoni mwangu, si kwenye pesa za banda, naandika hapa ijulikane. Kuanzia leo chupa zinasafiri usiku, zimefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa ndani ya boksi la barafu la wauza samaki.

Jambo lingine kwa wote wa Pwani. Mtu anasoma mahali kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, lakini chumba kinachosemwa ni cha Ulaya, digrii 16 mpaka 18. Chumba changu mimi hapa Ngala saa mbili usiku kina digrii 29. Tieni mwekundu friji nusu saa kabla hatujaanza. Mweupe masaa mawili.

Jumapili, 1 Juni

Jana ndiyo ilikuwa ya kwanza. Tulianza saa mbili na robo usiku badala ya saa mbili kamili kwa sababu ya kungojana, alafu tukaanza kusalimiana, habari za nyumbani, mama anaendeleaje, yule wa Italia alikuwa hajaonana na hawa wengine miaka minne, na kabla hatujamaliza chupa ya kwanza simu ikakatika. Nilikuwa natumia Zoom ya bure, inafunga kikundi kikifika dakika 40. Tukarudi, watu wanane tu. Kisha stima ikapotea mtaa mzima na mimi ndiye niliyekuwa naongoza.

Lakini kuna kitu kilitokea kwenye zile dakika 40 ambacho nataka kukiandika vizuri.

Nilikuwa nimewatumia karatasi ya kujaza: rangi, harufu, uchachu, ukakasi, na kinachobaki mdomoni ukishameza. Nikaanza na yale maneno ya hotelini, nikasema huu mwekundu una matunda meusi ya msituni kama blackberry, nikaona watu kimya. Nani hapa amewahi kula blackberry? Mimi pia sijawahi, nilikuwa narudia nilichofundishwa. Mwishowe dada mmoja wa Mombasa akasema kwa sauti ndogo, mimi nasikia zambarau. Basi! Kila mtu akaanza kupiga kelele, ndio, zambarau, zile za kuokota chini ya mti ukienda shule, ulimi unakuwa zambarau na mdomo unakauka. Huo mdomo kukauka ndio ukakasi wenyewe, na sisi watu wa Pwani ukakasi tunaujua kuliko mtu yeyote, tumekula mabibo ya korosho tangu tuko wadogo. Ule mweupe mtu akasema embe bichi ya kutia chumvi na pilipili, mwingine akasema hapana, ni dafu lililokaa jua kidogo. Wakabishana mpaka simu ikakatika.

Nikalala nikifikiria hilo. Miaka saba nilikuwa nawaeleza watu ladha kwa matunda nisiyoyajua.

Pesa: sh 14,000. Leo asubuhi nimepeleka sh 7,000 kwa daktari wa mifugo kwa ajili ya mbwa jike wawili kufungwa kizazi, amekubali kutupunguzia iwe sh 3,500 kila mmoja. Watu wameuliza kwa nini nisinunue chakula kwanza. Nitaeleza. Mbwa jike anabeba mimba siku 63 tu, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, sita saba kwa mkupuo. Ukimlisha bila kumfunga, baada ya mwaka unalisha wote hao pamoja na watoto wa watoto. Mama alitoka watatu mpaka 31 hivo hivo, wengi hawakuokotwa, walizaliwa uani.

Alhamisi, 5 Juni

Jirani yangu, Bi mkubwa wa nyumba ya pili, ameniita. Alisikia kelele za Jumamosi. Nilienda nikijua nitaambiwa, manake Bi mkubwa ni mtu wa swala tano, amefundisha watoto wa mtaa huu wote Kurani, mimi mwenyewe nimelelewa naye nusu ingawa sisi kwetu ni Wakristo.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Hao wanyama, nasikia wana njaa?"

Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo alafu akanisimulia ile hadithi ya yule mtu aliyekuta mbwa anaramba udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake cha ngozi, akakishika kwa meno akapanda nacho, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Akasema, kwenye kiumbe chochote chenye ini bichi kuna thawabu. Sasa mimi mvinyo wenu siusogelei na pesa yake sitaki ichanganyike na yangu, lakini kwa nini unatufungia mlango sisi wengine? Juisi hazionjwi?

Sikuwa na jibu. Nusu ya mtaa huu na zaidi hawanywi, na mimi nilikuwa nimeweka mlango mmoja tu, wa chupa.

Jumapili, 15 Juni

Nimekaa na Bi mkubwa mara tatu wiki hii kupanga meza ya pili. Meza ya ukwaju.

Nataka niseme hapa kitu ambacho nilikuwa sikijui na kimenifurahisha kupita kiasi. Uchachu wa mvinyo unatoka kwenye asidi ya tartariki, ndiyo asidi kubwa ya zabibu, matunda mengi hayana hiyo au yanayo kidogo tu, limau na ubuyu zina yao nyingine. Na ukwaju je? Ukwaju ni hiyo hiyo tartariki, tena kwa wingi. Kwa hivyo mtu anayeonja mvinyo mweupe wa Dodoma na mtu anayeonja ukwaju wa Malindi, pale mate yanapojaa pembeni mwa ulimi, wanaonja asidi ile ile. Hatuhitaji karatasi mbili. Karatasi ni moja.

Ukwaju wa Bi mkubwa unatengenezwa hivi, na yeye ameniruhusu niuandike. Unachukua ukwaju mkavu robo kilo, unaondoa maganda na zile nyuzi, unaloweka kwenye maji ya uvuguvugu si ya moto, nusu saa, unaufikicha kwa mkono mpaka kokwa zinaachana na nyama, unachuja mara mbili. Hachemshi, anasema ukichemsha unapata supu. Kisha sukari kiasi, tangawizi iliyotwangwa, iliki mbili tatu, na chumvi nchani mwa kidole. Chumvi hiyo ndiyo siri. Kwa kuonja tunafanya gilasi tatu: moja ukwaju mtupu na maji tu, ya pili na sukari, ya tatu kamili na viungo, ili mtu asikie kila kitu kinaingia wapi.

Na utaratibu wa pesa ni huu, umeamuliwa na Bi mkubwa na naona ni wa haki. Madaftari mawili, till mbili, yaani namba mbili za M-Pesa za kupokelea pesa. Pesa ya meza ya ukwaju inaenda kwa paka na punda, na pesa ya meza ya mvinyo inaenda kwa mbwa, kufunga vizazi na chanjo. Hakuna shilingi inayovuka. Mwisho wa kila mwezi natuma picha ya taarifa za M-Pesa za till zote mbili kwenye grupu, nimefuta namba za watu tu.

Jumapili, 29 Juni

Jana watu 37! Kumi na mmoja kwenye mvinyo, 26 kwenye ukwaju kwa sh 300 kila mmoja. Nimelipia Zoom mwezi mmoja, mfukoni mwangu. Tulianza na dakika 20 za pamoja, kila mtu anaonja chake, kisha tukagawanyika vyumba viwili, Bi mkubwa akaongoza cha ukwaju huku mjukuu wake amemshikia simu.

Kwenye zile 20 za pamoja nikasema kila mtu aweke tone juu ya ulimi, asimeze, ahesabu mpaka kumi. Yule wa Italia ana mvinyo, shangazi wa Mambrui ana ukwaju, wote wawili wakafanya uso ule ule kwenye skrini. Nikaeleza ile habari ya asidi. Jamaa mmoja aliyeko Doha, mtoto wa hapa Shela, akasema ameishi huko miaka tisa akiwasikia wenzake wa kazini wakizungumzia mvinyo na yeye ananyamaza kwa kuwa hanywi, leo ndiyo mara ya kwanza amezungumzia uchachu na watu na ana la kusema.

Mvinyo sh 11,000, ukwaju sh 7,800. Za ukwaju zimenunua dawa ya kidonda cha yule punda, na kinyozi wa kwato amekuja, kwato zilikuwa zimerefuka mpaka anatembea kwa visigino. Mama amempa punda jina Kanga. Nilimuona akitembea sawasawa jioni, nilisimama pale muda mrefu.

Niseme kidogo kuhusu punda kwa sababu wengi wamechangia hapo. Punda jike anabeba mimba mwaka mzima na anazaa mmoja, hawazaani haraka kama mbwa. Ndiyo maana ile biashara ya ngozi za punda ilivyoingia Kenya na machinjio yakafunguliwa tangu 2016, punda walianza kuisha na wengine kuibiwa usiku kwa wenyewe. Serikali ilipiga marufuku 2020, mahakama ikaifuta marufuku 2021, kisha Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara hiyo bara zima. Kijana wa mkokoteni hapa Malindi akiibiwa punda ameibiwa mshahara na karo ya watoto.

Jumapili, 27 Julai

Mnazi. Hii nitaandika kwa urefu.

Wazo lilikuwa la watu wa Ganda na Kakuyuni, walisema nyinyi mnaonja mvinyo wa zabibu kutoka mbali na mvinyo wa mnazi uko nyuma ya nyumba. Ni kweli kabisa. Kwetu Wagiriama huwezi kuposa bila kadzama, ule mnazi wa posa, huwezi kuwakalisha wazee kusuluhisha jambo bila mnazi. Lakini ugumu wake ni kwamba mnazi hausafiri. Ukishatoka juu ya mti tayari umeanza kuchachuka, kibuyu chenyewe kina hamira ya jana kwenye kuta zake. Asubuhi ni mtamu unaweza kumpa bibi, mchana una nguvu, kesho yake ni mkali, keshokutwa umekuwa siki. Ukiuziba kwenye chupa na kuupeleka Nairobi kwa basi, chupa itapasuka njiani.

Kwa hivyo tulifanya kinyume. Hatukutuma kinywaji, tulituma simu. Mzee mmoja mgema wa Kakuyuni alikubali, na saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa chini ya mnazi wake nimeshika simu juu. Amepanda kwa zile hatua alizochonga kwenye shina, kotama, kile kisu cha kugemea, kiunoni, kibuyu mgongoni. Mjukuu wake alipanda mnazi wa jirani na simu ya pili tukaona mpaka kwenye kilele: panda la maua ambalo halijafunguka limefungwa kamba, mzee anakata kipande chembamba sana nchani, chembamba kama ukucha, utomvu unaanza kudondoka. Tone, tone. Anakata hivo asubuhi na jioni kila siku, akiacha siku mbili kidonda kinaziba na lazima aanze upya. Ana miaka zaidi ya sitini na anapanda minazi kumi na minne.

Yule dada wa Italia alilia. Alisema babu yake alikuwa mgema na yeye hakuwahi kumuona juu, siku zote alimuona akishuka tu.

Watu 19 walikuwa kwenye simu, sh 500 kila mmoja. Wa Pwani walikuwa na mnazi wao kwenye mboko, vile vibuyu vya kunywea, na mirija, wa mbali tuliwaambia watafute dafu tu waonje utamu wa mwanzo. Tukaonja ule wa asubuhi, tukakata simu, tukarudi saa kumi jioni na mnazi ule ule. Watu hawakuamini ni kitu kimoja. Asubuhi waliandika: maziwa, sukari ya mua, harufu ya mkate unaoumuka. Jioni: uchachu umepanda, gesi ulimini, mtu mmoja akaandika "maji ya embe iliyoiva kupita". Hakuna chupa dukani inayoweza kukufundisha kuchachuka kama siku moja chini ya mnazi.

Mzee nilimlipa ujira wake wa siku, sh 1,500, kutoka kwangu. Alikataa kwanza. Alisema hao mbwa wenu wanalipwa na nani? Alafu akaniuliza kama ni kweli kuna sindano ya kichaa cha mbwa, manake ana mbwa watatu wa kulinda minazi na hajawahi kuchanja hata mmoja, hajawahi kuona mtu wa kuchanja akifika huko.

Sh 9,500, daftari la mbwa.

Jumanne, 5 Agosti

Swali la mzee limenikalia. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakuna dawa, ni kifo. Na bado kinazuilika: ukichanja mbwa 7 katika kila 10 mahali, ugonjwa unakosa pa kupita. Kenya ina mpango wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Na mtu akiumwa na mbwa, kitu cha kwanza kabla hata ya kutafuta nauli ya hospitali ni kuosha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, kisha akimbie kuchanjwa. Mimi nilikuwa sijui hizo dakika 15. Wengi hapa walikuwa wanaweka pilipili au mafuta ya taa.

Daktari amesema akipata mbwa wengi kwa siku moja atatufanyia sh 200 kwa kila sindano. Nimeuliza grupu: pesa za mvinyo zikatoke nje ya ua wa Mama, zikachanje Kakuyuni? Wengi wamesema ndio. Wawili wamekataa, wamesema walitoa kwa ajili ya banda. Nimewaelewa, mchango wao wa Agosti utabaki bandani, nimeandika pembeni ya majina yao kwenye daftari.

Jumapili, 31 Agosti

Jana Dodoma. Binamu yangu alienda shambani kwa mkulima upande wa Hombolo, mavuno ya pili yameiva. Huko wanavuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena Agosti mpaka Septemba. Ulaya mzabibu unalala wakati wa baridi, Dodoma hakuna baridi ya kuulaza kwa hivyo mkulima ndiye anaulaza mwenyewe kwa kisu, anaupogoa, unaanza tena. Nchi ni kavu, mvua kidogo, mchana jua, usiku ubaridi kwa kuwa iko juu kama mita 1,100. Mkulima akatafuna zabibu ya Makutupora mbele ya simu akatema kokwa mkononi, akasema kokwa ikiwa ya kijani ngoja, ikiwa ya kahawia vuna. Kisha akatuambia kinachomkera: zabibu zikiiva zote kwa pamoja na kiwanda kikijaa, anauza kwa bei ya kutupa au zinaozea shambani. Watu wakanyamaza. Tulikuwa na mvinyo wake mkononi, tunaandika zambarau na udongo mkavu, na yeye yuko pale.

Meza ya mvinyo watu 17, sh 17,000. Meza ya juisi 41, sh 12,300, mara hii Bi mkubwa aliweka ukwaju na bungo kando kwa kando. Bungo una utamu unaokuja mbele na uchachu unaofuata nyuma, ukwaju kinyume chake. Alifundisha kwa dakika 50 bila kutazama karatasi.

Jumapili, 28 Septemba

Leo ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa, inawekwa siku aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895. Tulikuwa Kakuyuni tangu saa moja asubuhi, chini ya mwembe wa shule.

Hesabu nzima kwanza. Daftari la mbwa: zimeingia sh 51,500. Mbwa jike wanane wa banda wamefungwa kizazi, sh 28,000. Sindano 90 za leo, sh 18,000. Zimebaki sh 5,500, humo ndani zimo sh 2,000 za wale wawili waliotaka zibaki bandani. Daftari la paka na punda: zimeingia sh 20,100. Paka wanne wamefungwa kizazi kwa sh 2,500 kila mmoja, sh 10,000. Kanga na mwenzake, dawa, kwato na majani, sh 6,400. Zimebaki sh 3,700. Deni la unga Mama amelilipa mwenyewe kwa sababu msaada wa sokoni umeongezeka, wauza samaki walisikia habari wanampa zaidi.

Tulichanja mbwa 90, na wengine tisa walirudi bila kuchanjwa kwa sababu sindano zilikwisha. Hao tisa nimeandika majina yao na ya wenyewe. Watoto ndio walioleta wengi, wamefunga shingoni kwa kamba za makumbi, kwa mkanda wa shule, mmoja alimbeba mbwa wake mabegani kama mbuzi akatembea naye kutoka mbali. Waligombea kumshika daktari begi.

Mzee mgema alifika saa nne na mbwa wake watatu. Alikuwa ameshashuka minazini, shati lina utomvu. Akapewa kadi tatu za chanjo, akaniuliza tarehe ya kurudi imeandikwa wapi, nikamuonyesha, mwakani mwezi huu huu. Akazikunja kadi akaziweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho chake, akaufunga fundo, akaniambia nimwambie yule dada wa Italia kwamba mbwa mkubwa anaitwa Chui, aliuliza siku ile na simu ikakatika kabla hajamjibu.

Novemba mabibo yanaanza. Bi mkubwa ameshaniuliza kama ukakasi wa bibo na wa mvinyo mwekundu ni kitu kimoja, na juisi ya bibo ataitoaje bila kukwaruza koo. Till ni zile zile mbili.